Perpetua na Kikao cha Bogenvilia

Jana mchana, baada ya ugali na mlenda, Perpetua Lukali aliota ndoto ambayo mpaka sasa anasita kuiita ndoto.

Kwanza mjue ni nani. Perpetua ni mjane, mtu wa Bigwa, pale chini ya milima ya Uluguru ambapo mvua husikika ikiteremka mlimani kabla ya kumfikia mtu uwanjani. Ana kitalu cha maua kando ya barabara. Anauza asumini, mikroton na hata miche ya malimau, lakini watu wanamjua kwa bogenvilia. Anazo za kila namna, na kwa kuwa majina ya kitaalamu hayakai mdomoni, kazipa majina yake mwenyewe. Ile ya zambarau ni Askofu. Nyeupe ni Komunio, kwa sababu kila ikichanua inafanana na watoto waliopangwa mstari siku ya komunio ya kwanza. Halafu kuna moja yenye maua yaliyosongamana, petali juu ya petali, ambayo maua yake yakikauka hayaanguki. Yanabaki pale pale tawini, rangi ya kahawia, mwezi baada ya mwezi. Hiyo anaiita Mjane. Jina hilo alilitunga akicheka, enzi hizo mume wake Leonsi angali hai. Leonsi alipofariki, hakulibadilisha jina. Aliacha tu kulicheka.

Leonsi alikuwa fundi mwashi. Aliugua kifua, akaondoka wakati wa masika, na sasa ni miaka kadhaa.

Halafu kuna Mzee Bonaventura. Huyu ni fundi saa, mgane, mtu mpole mwenye vidole vyembamba, ambaye siku hizi kazi zake ni chache kwa sababu kila mtu anatazama wakati kwenye simu. Alikuja kitaluni mara ya kwanza akanunua Askofu. Akaja tena akanunua Komunio. Akawa anakuja hivyo, kila mara mche mmoja, kila mara bogenvilia, akichagua taratibu kama anayetafuta skurubu ya saa ya mkono iliyoangukia sakafuni. Perpetua alidhani mzee anapenda maua.

Jumatatu iliyopita alikuja, akasimama, hakuchagua kitu.

"Mama Vestina," alisema, maana Perpetua anaitwa kwa jina la binti yake anayeishi Dodoma, "uwanja umejaa."

"Umejaa nini?"

"Bogenvilia zako. Sina tena pa kupanda. Ile ya mwisho nimeipanda kwenye beseni la kuogea, na mimi sasa naoga nimesimama pembeni yake. Kwa hiyo naona niseme tu lile nililokuwa nakuja kusema."

Akalisema. Alilisema kwa maneno machache, kofia mkononi, kwamba kama mwenzake ataona inafaa, angependa wazeeke nyumba moja. Perpetua alitazama miche, akatazama barabara, akamwambia atafikiri. Aje Jumamosi, jua likipoa.

Wiki hiyo haikuwa na usingizi mzuri. Vestina alisema kwenye simu, "Mama, mimi sina neno, ila ufikirie na watu watasemaje." Modesta, dada yake Leonsi, anayekaa nyumba za jirani, alikuja akaketi jikoni na uso wa msiba.

"Wifi," alisema, "sina ugomvi na Mzee Bona. Saa yangu ya ukutani alinitengenezea yeye. Lakini kaka yangu hata udongo wake haujatulia vizuri."

Baada ya kusema hayo hakuondoka. Alibaki akimsaidia Perpetua kupepeta maharage mpaka kukaribia giza, kwa sababu Modesta si mtu mbaya.

Ndivyo ilivyofika Jumamosi, yaani jana. Jibu lilikuwa linangojwa jioni na Perpetua hakuwa nalo. Alitandika mkeka kitaluni, chini ya ile neti nyeusi ya kivuli, akajifunika kanga usoni kwa ajili ya nzi. Hakukusudia kulala. Alikusudia kufikiri.

Anapofungua macho, kitalu kimepangwa upya.

Viriba vyote, ile mifuko ya plastiki ya kuoteshea miche, vimekuwa mabenchi. Bogenvilia zimeketi, mizizi imekunjwa kwa adabu, na mbele kabisa yuko Askofu, ana miwani. Perpetua hashangai. Kinachomsumbua ni kwamba yeye hana viatu.

"Umechelewa," anasema Askofu.

"Nilikuwa nimelala."

"Bado umelala. Kuchelewa umechelewa vilevile. Keti."

Nafasi iliyobaki ni ndani ya kiriba kitupu. Anaingia, anaketi, na udongo unapanda taratibu mpaka kwenye vifundo vya miguu. Anautambua. Ni mchanganyiko wake mwenyewe, udongo wa msitu, mchanga wa mtoni na samadi iliyooza vizuri. Anajisikia fahari kidogo.

"Ajenda ni moja," anasema Askofu. "Bonaventura."

Mabenchi yote yanachakarika.

"Wenzetu walio kwake wameleta malalamiko," Askofu anaendelea. "Wamesongamana. Hawaoni jua. Aliye kwenye beseni anasema kila asubuhi anamwagiwa maji ya sabuni, na ingawa mzee huomba radhi, sabuni ni sabuni. Wanataka kujua kama ataendelea kununua au atajibiwa."

"Nilimwambia nitafikiri," anasema Perpetua.

Hapo Komunio, ile nyeupe, ananyoosha tawi. "Naomba kuuliza. Ua langu liko wapi?"

Perpetua anamtazama. Jambo hili kila muuza maua analijua, ingawa si kila mteja huambiwa. Ile rangi ya bogenvilia si ua. Ni majani yaliyovaa rangi. Ua lenyewe ni kile kijinyota kilichojificha katikati, kidogo kama punje ya mchele, ambacho mpita njia hakioni.

"Liko ndani," anasema Perpetua. "Hayo mengine ni majani."

"Vizuri. Sasa rudia ulilomwambia yule mzee."

"Nilimwambia nitafikiri."

"Hilo jani," anasema Komunio.

"Na binti yangu ana wasiwasi na maneno ya watu."

"Jani."

"Na wifi yangu ataumia."

Komunio anafikiri kidogo. "Hilo lina rangi nzuri. Lakini ni jani."

"Na mimi ni mtu mzima. Nimezoea kukaa peke yangu."

"Jani hilo, tena limekauka. Ua liko wapi?"

Perpetua anafungua mdomo ili ajibu. Neno halitoki. Kinachotoka ni kiua cheupe, kidogo kama punje ya mchele, kinaangukia kiganjani mwake na kubaki hapo kimefumba. Bogenvilia ya rangi ya chungwa, ambaye kwa kawaida ni mchangamfu, anainamisha kichwa.

"Usilisemee hapa," anasema Askofu kwa upole. "Nenda ukalisemee kwa mwenyewe. Na kanuni unaijua. Lazima ubebeshwe."

Perpetua anaijua. Kitaluni, kubebesha ni kukata kitawi cha mti huu na kukifunga kwenye shina la mti mwingine mpaka viungane, na ndiyo njia ya kupata bogenvilia moja yenye rangi mbili. Lakini kikao hiki kinalifuata neno lenyewe kama lilivyo. Wanaleta kanga, wanamweka Mjane mgongoni mwake, wanamfunga mbeleko kama mtoto, fundo likiwa juu ya kifua.

"Ana miiba," anasema Perpetua.

"Sote tunayo," anasema Askofu, na anafunga kikao.

Perpetua anatoka kwa mlango wa kitalu na anajikuta kanisani. Haoni ajabu. Anashika njia ya katikati. Waumini wote ni saa za ukutani, kila moja na wakati wake, na wimbo mmoja unaimbwa na kila saa pale inapofikia, kwa hiyo hauna mwanzo wala mwisho. Kila Perpetua akipiga hatua, mwiba unamchoma mgongoni, na kila ukimchoma Mjane anasema, "Samahani."

"Si kitu."

"Samahani."

"Nimesema si kitu."

"Najua. Samahani."

Mlango wa sakristia unafunguka, na nyuma yake ni sebule yake mwenyewe, ila imekuwa pana kama uwanja wa mpira. Mbali sana, kwenye goli, kipo kiti cha Leonsi. Hakuna aliyekikalia. Kuna hata kamba imezungushwa.

Wakati wanavuka sebule, Perpetua anahisi gauni lake zito. Anajitazama. Amejaa maua makavu, ya kahawia, yamemshika kuanzia mabegani mpaka kwenye pindo. Anajaribu kubandua moja. Halibanduki, lakini akiligusa analitambua. Hili ni lile shati la Leonsi lililo sandukuni ambalo hajalifua ili lisipoteze harufu. Hili ni ule upande wa kitanda asioulalia. Na hili hapa, kubwa, ni redio. Leonsi aliiacha kwenye stesheni aliyoipenda, na stesheni ile ilishahama zamani, na mpaka leo Perpetua akiwasha redio husikiliza mvumo tu, anapika, kisha anazima.

"Kwa nini wewe huyaangushi ya kwako?" anamuuliza Mjane.

"Wenzangu yakinyauka wanaachia, upepo unachukua," anasema Mjane mgongoni. "Mimi niliumbwa nimesongamana. Upepo haupiti. Watu wanadhani nayapenda."

"Huyapendi?"

"Niliyapenda yalipokuwa mekundu. Sasa nimeyazoea. Ni mpaka aje mtu mwenye mkono anitikise."

Perpetua anataka kumwambia kwamba mkono anao yeye, na miaka yote hii amekuwa akipita pembeni yake na mkasi bila kumtikisa. Lakini miguu imeanza kuloa.

Ni Modesta. Anakuja nyuma yao na keni ya kumwagilia, anamwaga maji miguuni pa Perpetua, polepole, kwa uangalifu mkubwa.

"Wifi, unafanya nini?"

"Nakumwagilia usinyauke."

"Mimi sijasema nina kiu."

"Hujasema. Lakini nikiacha?" Modesta anaendelea kumwaga.

Sasa Perpetua anaona mikono yake inachipua. Majani, makubwa, ya kijani kibichi, yanamtoka viwikoni na mabegani, mazuri kabisa ya kupendeza, na hakuna hata chembe ya rangi. Hilo nalo anawaambia wateja wake kila siku, hasa wale wanaorudi kulalamika kwamba bogenvilia haichanui. Umeimwagilia mno. Iache ione kiu kidogo.

"Modesta, inatosha."

"Nikiacha kukumwagilia, mimi nitakuwa nani kwako?"

"Utakuwa wifi yangu."

"Wifi kwa nani? Kaka hayupo. Wewe ndiye umebaki wa kuniita hivyo. Ukiolewa kwingine, nikija jikoni kwako nitakuja kama nani?"

Anauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeulizia chumvi. Kwa wiki nzima amemsikia Modesta akizungumzia udongo wa kaburi, na hakusikia hili. Anachukua keni mikononi mwake. Modesta hapingi. Anaigeuza ndoo iliyokuwa karibu, anaikalia, na kuanza kupepeta maharage ambayo hayapo.

"Nenda," anasema. "Mwambie kaka nimemsalimia."

Basi sebule inaisha, na pale inapoishia ni saiti ya ujenzi, juu, mahali penye upepo. Leonsi yuko juu ya jukwaa la miti, kavaa ile kofia yake yenye madoa ya rangi za nyumba za watu wengine. Anajenga ukuta. Tofali zake ni petali za bogenvilia, moja moja, na kila akiweka moja anaigonga kwa mpini wa mwiko mpaka ikae sawa.

Hageuki. "Umechelewa, Petua. Chai imepoa."

Yeye peke yake ndiye aliyemwita Petua. Wazazi walimwita Perpetua, mtaa wote unamwita Mama Vestina.

"Leo kila mtu ananiambia nimechelewa," anasema Perpetua.

"Basi itakuwa kweli."

Leonsi anateremka, anafuta mikono kwenye suruali. Amenenepa kidogo. Hakohoi. Perpetua anataka kumwambia hivyo, lakini anachouliza ni, "Huku unakula?"

"Nakula. Chumvi hawajui kuweka." Anamzunguka, anamkagua kama anavyokagua kona ya nyumba. Anatoa pima maji mfukoni, anaiweka begani pake, anatazama kile kiputo cha hewa ndani yake. "Umeinama kushoto."

"Nimebeba."

"Naona. Umebeba muda mrefu?"

"Sijui. Nilibebeshwa leo. Lakini nimechoka kama wa siku nyingi."

Anamfungua mbeleko, anamtua Mjane chini, anamuegemeza kwenye ukuta. Mjane anasema, "Shikamoo." Leonsi anasema, "Marahaba." Kisha anamgeukia mkewe na kungoja, kwa namna ile aliyokuwa akingoja zamani, bila kumharakisha mtu.

Perpetua anafungua kiganja. Kile kiua cheupe bado kipo. Hapa, mbele ya mwenyewe, kinafumbuka, na kinasema kwa sauti ya Perpetua:

"Naogopa nikizoea kuitwa na mtu mwingine, nitasahau ulivyokuwa ukiniita."

Leonsi anakiweka kiua juu ya pima maji. Kiputo kinasimama katikati kabisa.

"Hili ni la kweli," anasema. "Limenyooka."

Upepo unachukua petali moja ya ukuta na kuirudisha.

"Ile bogenvilia nyekundu ya karibu na bomba," anasema Leonsi, "uliyoibebesha nyeupe. Nyekundu ilikufa?"

"Haikufa. Ndiyo iliyo chini. Ndiyo inayobeba. Mpaka leo kila masika inachomoza vitawi vyake pale shinani, vyekundu vilevile."

"Unavifanya nini?"

"Navipogoa. Ndivyo inavyotakiwa. Ukiviacha vinamnyang'anya wa juu chakula."

Leonsi anaitikia kwa kichwa, kama fundi aliyesikia maelezo ya fundi mwenzake na ana neno dogo tu la kuongeza.

"Usiwe unavipogoa vyote," anasema. "Kimoja kimoja uwe unakiacha."

Perpetua anaanza kulia, lakini kwa kuwa ni saiti, na kuna kazi, analia amesimama. Leonsi anamshika mabega. Anamtikisa. Hamtikisi kwa ukali, anamtikisa kama anavyotikisa chekeche la mchanga, kwa mwendo ule wa kiunoni alionao tangu ujana, na maua makavu yanaanza kumwagika. Shati linaanguka. Upande wa kitanda unaanguka. Redio inachukua muda, lakini nayo inaachia. Yanalia chini kama karatasi. Anapomaliza anamtikisa na Mjane, ambaye anasema, "Ahsante, kumbe ni hivi tu."

Leonsi anayakusanya yote kwa koleo, anayatia kwenye karai la udongo wa kujengea, anakoroga.

"Unayatupa?" anauliza Perpetua.

"Nani atupe? Udongo huu ulikuwa umekosa nyuzi. Ukuta ungepata nyufa." Anapaka safu moja, anaigonga, anaridhika. Halafu anasema, "Lete mkono."

Perpetua anatoa mkono wa kushoto. Leonsi anachukua ukanda wa plastiki laini, wa aina ile ile anayotumia Perpetua kufungia miche aliyoibebesha, anaanza kumzungushia kuanzia kifundo cha mkono, mshazari, mzunguko juu ya mzunguko, akikaza. Anajua kazi. Zamani alikuwa akikaa naye kitaluni jioni, anamshikia mche wakati yeye anafunga. Anapofika karibu na kiwiko hakati. Ncha iliyobaki anaipitisha juu ya ukuta, upande wa pili, na huko kuna mtu anaipokea. Ukanda unakaza. Mtu wa upande wa pili anasubiri kimya.

"Kuna nani huko?"

"Usichungulie," anasema Leonsi. "Mshono ukichunguliwa haushiki. Wateja wako si unawaambia hivyo kila siku?"

"Nawaambia."

"Haya." Anapanda tena jukwaani, anachukua mwiko, na sasa anasema akiwa ameshamgeuzia mgongo, kwa sauti ya mtu aliyekumbuka jambo wakati anaendelea na kazi. "Modesta mwambie apake chokaa ule ukuta wake wa nyuma kabla mvua hazijaanza. Mwambie nimeuona. Na usiache kumwita wifi."

"Nitamwambia. Naye amekusalimia."

"Najua. Nenda, Petua. Jua linapoa."

Perpetua aliamka.

Neti ya kivuli ilikuwa juu yake, mahali pake. Viriba vilikuwa viriba. Jua lilikuwa limepoa kweli, na mwanga ulikuwa umelala chini chini kati ya miche. Alibaki ameketi kwenye mkeka, hajui kwa nini amepumua vizuri namna ile.

Bonaventura alikuwa amesimama kwenye lango la kitalu, kofia mkononi. Ilionekana amesimama hapo dakika chache, kwa kuwa hakutaka kumwamsha.

"Kesho baada ya misa tutaenda kwa wifi yangu Modesta," Perpetua alimwambia, hata kabla ya kumkaribisha. "Nina salamu za kumpelekea."

Bonaventura alitafakari. Kazi yake imemzoesha kusikiliza vitu vidogo.

"Tutaenda?"

"Tutaenda."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Aliingia, akatafuta pa kukaa, akakalia jiwe lililo karibu na bomba. Alitabasamu tu akitazama chini, huku akijisugua mkono wa kulia juu ya shati.

"Uniwie radhi, nimechelewa kidogo," alisema baadaye. "Baada ya chakula nilisinzia pale mezani kwangu, penye saa. Nimeamka mkono huu umekufa ganzi. Nadhani nimelalia kitu."

"Hebu nione."

Akakunja mkono wa shati. Ngozi ilikuwa na alama, mistari ya mshazari, mzunguko juu ya mzunguko, kama ya kitu laini kilichofungwa kwa kukazwa. Mistari ilianzia karibu na kiwiko, ikashuka mpaka kwenye kifundo cha mkono.

Perpetua alijitazama mkono wake wa kushoto. Nao ulikuwa na alama zilezile. Angeweza kusema ni za mkeka. Akasogea, akaulaza mkono wake kando ya mkono wa Bonaventura, kiwiko kwa kiwiko, na mstari wa mwisho ulioishia kwake uliendelea kwa mwenzake bila kuruka hata kidogo.

Bonaventura aliinama, akatazama kwa karibu sana, kwa lile jicho analotazamia ndani ya saa. Kisha akainua kidole cha mkono mwingine, anataka kukuna.

"Usiguse," Perpetua alimwambia. "Paache mpaka pashike."

Naye akapaacha.